Rangi Zipo Malolo: Ushauri kwa Anayetaka Kuchora Picha za Mseto

Barabara kuu ya kwenda Iringa ikishauacha mji wa Mikumi na kushuka milima ya Iyovi, huingia bonde la Mto Ruaha Mkuu, na mibuyu inashika pande zote mbili. Kiangazi, abiria wengi hulitazama bonde hilo kupitia dirisha la basi na kuona rangi moja tu, rangi ya vumbi. Ukichepuka hadi Malolo, wilayani Kilosa, utasikia neno hilohilo kutoka kwa kijana anayependa kuchora: hapa pakavu, nitachora nini chenye kupendeza? Makala haya yanamjibu huyo, na yanamjibu pia mwalimu wa shule, mama mwenye muda kidogo jioni, na yeyote anayetaka kutengeneza picha za maumbile zenye furaha kwa kuchanganya rangi, karatasi, kitambaa, mchanga na majani juu ya ubao mmoja, yaani picha za mseto. Ninachosema ni hiki: furaha ya rangi haiji na wingi wa makopo. Inatokana na rangi chache zilizochaguliwa kwa kuangalia vizuri, zikakaa karibu na rangi zinazozisaidia kuonekana. Kwa sababu hiyo Malolo ni mahali pazuri sana pa kujifunzia, kwani pakavu pake na pabichi pake panatenganishwa na hatua chache tu.

Tuanze na jambo linaloweza kuonwa na yeyote. Mashamba ya vitunguu ya Malolo yanayopata maji ya skimu ya umwagiliaji ya Mwega hubaki na kijani wakati vilima vinavyoyazunguka vimekauka kabisa. Kwa eneo, kijani hicho ni kidogo ukikilinganisha na ardhi nyekundu na majani makavu, lakini ndicho jicho linachokiona kwanza. Jani la kitunguu lenyewe, ukilichuma na kuliweka juu ya karatasi nyeupe, si kijani kikali. Limefifia, lina ukungu mweupe juu yake, na linaelekea kidogo kwenye bluu. Likiwa shambani linaonekana kuwaka kwa sababu limezungukwa na udongo mwekundu. Mchoraji asiyelijua hili atakwenda kununua kijani kikali kuliko vyote dukani, atakipaka ukurasa mzima, kisha atashangaa kwa nini shamba lake halina uhai. Anayelijua atapaka udongo kwanza, tena sehemu kubwa ya picha, halafu kijani chake kilichofifia kitajiwasha chenyewe.

Jambo hili lilifanyiwa uchunguzi zamani. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi wa nyuzi katika karakana ya mazulia ya Gobelins mjini Paris, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za karakana hiyo zilikuwa hafifu. Alipozichunguza aligundua kwamba rangi yenyewe haikuwa na kasoro. Weusi ulionekana hafifu kwa sababu ya nyuzi za rangi nyingine zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 akachapisha kitabu kikubwa kuhusu namna rangi mbili zinavyobadilishana sura zikikaa pamoja. Mkulima wa mpunga wa Kilosa anaujua ukweli huo bila kitabu. Mvua zikishika, kweche dume huvaa manyoya mekundu na meusi, na ndege huyo mdogo kuliko kiganja huonekana kutoka mbali katikati ya mpunga. Wekundu uleule juu ya tofali la kuchoma usingeonekana hata kidogo.

Atatokea wa kupinga, na hoja yake ina uzito. Atasema watu wetu wanapenda rangi nyingi, na kwamba kumwambia Mtanzania apunguze rangi ni kumletea ubaridi wa watu wengine. Tazama kanga, atasema, tazama picha za Tingatinga. Nami nakubali tuzitazame, ila tuzitazame kwa karibu. Kanga nyingi zimechapwa kwa rangi mbili, tatu au nne. Ukali wake unatokana na pindo kushindana na mji wake wa katikati, na nyeusi au nyeupe kupita katikati ya rangi mbili ili zisivurugane. Ama Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932 na kuanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia mbao za hadibodi na rangi za mafuta za kawaida, zile za kupaka vyuma na baiskeli. Katika kazi zake nyingi utamkuta mnyama mmoja mkubwa, au ndege na mti, juu ya mandharinyuma iliyopakwa rangi moja tulivu. Alikufa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kuchora, na michoro iliyojaa rangi kila pembe, inayouzwa leo kwa jina lake, mingi ni ya waliomfuata. Sisemi waliomfuata wamekosea, kwani miongoni mwao wamo mafundi hodari. Ninasema kwamba anayemtaja Tingatinga kuwa ushahidi wa rangi nyingi aziangalie kwanza picha za Tingatinga mwenyewe.

Basi kabla ya kufungua kopo lolote, chagua mahali pamoja na saa moja ya siku, ukae hapo na kipande cha boksi na penseli. Usichore umbo. Andika rangi, na uandike ni kiasi gani cha kila rangi. Fumba macho nusu mpaka vitu vipoteze ncha zake, na utaona kwamba mandhari nzima imegawanyika katika mafungu matatu au manne tu. Kubwa kabisa huwa rangi tulivu: udongo, majani makavu, mbingu ya mchana iliyopauka. La pili huwa na giza zaidi, kama kivuli cha mlima au shina la mbuyu. La mwisho ni dogo mno, na humo ndimo ilimo furaha: mstari wa vitunguu, kanga ya mwanamke anayepalilia, ua, ndege. Mgawanyo huo ndio mpango wa picha yako. Fungu dogo ukilifanya kubwa, mwako wake utakufa, na hapo ndipo picha nyingi zinapoharibikia.

Mbuyu unastahili kutazamwa peke yake, kwa kuwa wengi huuchora kutoka kichwani: shina la kahawia, matawi kama mizizi, basi. Gome la mbuyu si la kahawia. Ni la kijivu, na asubuhi au jioni huwa na wekundu wa mbali kama wa shaba, na mahali palipokunjamana kuna zambarau. Ukilikwaruza kidogo tu, chini yake unakuta tabaka la kijani, ambalo huusaidia mti kujitengenezea chakula hata ukiwa hauna majani. Kwa mchoraji wa mseto hiyo ni njia ya kazi iliyokwisha kupangwa: paka shina lote kijani kwanza, liache likauke, kisha funika kwa kijivu kizito kilichochanganywa na mchanga, na kabla kijivu hakijakauka kikwaruze kwa ncha ya kijiti ili kijani kichungulie. Mchanga uoshe mara kadhaa na kuukausha kabla ya kuutumia, na usichukue wa mahali penye magadi au chumvi, maana chumvi hutoka nje baadaye na kuacha ukungu mweupe juu ya rangi.

Kuhusu ubao wa kuchorea, sina maneno mengi. Hadibodi au plaiwudi nyembamba inafaa kuliko vyote, kwa sababu picha ya mseto ni nzito na karatasi tupu hujikunja. Boksi nene linakubalika kwa mazoezi. Likwaruze kwa msasa, lipake rangi nyeupe ya maji mara mbili, mbele na nyuma; ukipaka upande mmoja tu ubao utapinda.

Rangi ya kwanza ya kutengeneza mwenyewe ni ya udongo, nayo haina gharama. Chukua udongo mwekundu, uanike, uutwange, uuchekeche. Utie kwenye ndoo ya maji, koroga, subiri kidogo ili chembe nene zizame, kisha mimina maji yenye rangi kwenye chombo kingine na kuyaacha usiku kucha. Asubuhi mwaga maji safi yaliyo juu. Tope laini lililobaki chini ndiyo rangi yenyewe. Lianike. Ukichanganya unga huo na gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji, unapata rangi inayoshika vizuri na isiyopauka kwa jua, kwa kuwa wekundu wake ni wa madini ya chuma. Kama unautilia shaka uimara huo, michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, mingi ilichorwa kwa wekundu wa aina hiyohiyo, na bado inaonekana baada ya karne nyingi za upepo na unyevu. Ukitafuta udongo sehemu mbili tatu, penye kichuguu, kando ya mto, kwenye mkato wa barabara, utapata manjano, wekundu na kahawia zinazoelewana zenyewe bila kulazimishwa, kwa sababu zimetoka ardhi moja. Mkaa uliosagwa utakupa nyeusi, na chokaa nyeupe.

Sasa maganda ya vitunguu. Huku yanakotoka magunia ya vitunguu kila msimu, maganda hutupwa au huchomwa, na nasikitika ninapofikiri ni rangi kiasi gani inayopotea. Yana kazi mbili. Ya kwanza ni kuchemshwa: jaza sufuria kuukuu, weka maji ya kuyafunika, chemsha taratibu kwa muda wa saa moja, chuja. Maji yake huwa ya chungwa lenye kahawia. Ukitia shabu kidogo yanaelekea manjano safi; ukitia maji ya misumari yenye kutu iliyolowekwa kwenye siki, yanageuka kijani cha giza. Chovya humo karatasi nyeupe au vipande vya kitambaa cha pamba, na utakuwa na karatasi na vitambaa vya rangi tatu vya kukata na kubandika. Sufuria hiyo isirudi tena jikoni.

Kazi ya pili ni kulibandika ganda lenyewe, na hapa pana uzuri ambao hakuna kopo linaloweza kuutoa. Ganda kavu la kitunguu chekundu ni jembamba, linapitisha mwanga, na lina mishipa iliyonyooka kutoka shina hadi ncha. Likilazwa juu ya nyeupe linaonekana la waridi na zambarau. Juu ya manjano linakuwa la shaba. Juu ya nyeusi linapotea kabisa. Kabla ya kubandika lilaze dakika chache kwenye kitambaa chenye unyevu, la sivyo litapasuka. Paka gundi nyeupe chini, lilaze ganda, lisawazishe kwa kidole kutoka katikati kwenda pembeni mpaka hewa itoke, kisha paka gundi iliyozimuliwa juu yake. Gundi ikiwa mbichi ni nyeupe kama maziwa, usihofu, ikikauka inang'aa na kutoonekana. Mishipa ya ganda ielekeze kule umbo linakoelekea. Ikiwa ni bawa la ndege, ifuate manyoya. Ikiwa ni mlima wa Udzungwa wakati wa machweo, ifuate mteremko.

Hapo mpinzani wa pili atainua mkono: rangi za mimea hupauka, na mteja hatalipia kitu kitakachokuwa cheupe mwaka kesho. Ni kweli, na anayekwambia vinginevyo anakudanganya. Manjano ya jikoni yanapendeza leo na kufa upesi yakipigwa jua. Wekundu wa choya, yaani rozela, hubadilika hata kwa tone la ndimu au la maji ya majivu. Waridi wa ganda la kitunguu nao hurudi nyuma, ingawa ukahawia wake hukaa zaidi. Jibu langu si kuziacha. Jibu ni kuzipa nafasi zinazoziweza. Rangi zinazobeba umbo zima, yaani giza, mwanga na wekundu mkuu, ziwe za udongo, za mkaa, au za makopo. Rangi za mimea ziwe za juu, za kuongeza utamu, na chini yake uwe umekwisha kupaka rangi ya kudumu inayokaribiana nazo. Ganda likipauka, rangi ya chini itabaki imeshika zamu. Kama unataka kujua kila rangi inavumilia kiasi gani, paka mistari kwenye kadi, funika nusu yake kwa boksi, ibandike dirishani panapopata jua kwa mwezi mmoja au miwili, kisha funua ulinganishe. Kadi hiyo itakufundisha kuliko mimi.

Wapo pia wanaodharau ubandikaji wenyewe, wakisema kukata na kugundisha ni kazi ya chekechea. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse, baada ya upasuaji mkubwa mwaka 1941, alizidi kujikita katika kukata kwa mkasi karatasi zilizopakwa rangi, na kazi hizo ni miongoni mwa zenye furaha kubwa katika sanaa ya karne iliyopita. Hapa karibu, msanii Sanaa Gateja wa Uganda husokota shanga kutoka karatasi zilizotupwa na kuzipanga kwa maelfu juu ya kitambaa cha gome la mti, ufundi wa Baganda ambao UNESCO iliutambua mwaka 2005. Hayupo anayemwita mtoto. Hata hivyo dharau hiyo ina punje ya ukweli ninayoiheshimu: picha nyingi za mseto zimejazwa vitu kwa sababu vilikuwepo mezani. Kila kitu unachobandika kifanye kazi ambayo brashi isingeiweza. Kipande cha kitenge kinafaa kuwa nguo ya mtu anayeonekana mbali, kwa kuwa urembo wake tayari ni mdogo na umejaa. Nyuzi za katani, ambazo Kilosa imezijua tangu enzi za mashamba makubwa ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, zinafaa kuwa majani makavu ya mbele, kwa kuwa zinatupa kivuli cha kweli. Gazeti linafaa chini ya rangi, pale unapotaka ukuta au mwamba uonekane una umri. Ukiweza kukiondoa kitu na picha isipungukiwe, kiondoe.

Yapo mambo machache ya ufundi ambayo hayana mjadala. Rangi ya maji haipakwi juu ya rangi ya mafuta, itabanduka. Ya mafuta juu ya maji iliyokauka inakubali. Kwa hiyo fanya udongo, gundi, karatasi na mchanga kwanza, na ukitaka ule mng'ao mkali wa rangi ya mafuta, uweke mwisho, mahali pachache, penye hewa ya kutosha kwa sababu ya harufu ya tina. Jani lolote lishindiliwe kitabuni likauke kabisa kabla ya kubandikwa, maana unyevu uliofungiwa chini ya gundi huzaa ukungu. Uji wa unga wa ngano unagundisha vizuri lakini mende na viwavi wanaupenda. Wazee walitia mrututu kuwazuia, ila mrututu ni sumu, na kwenye nyumba yenye watoto ni afadhali ununue gundi.

Jingine ni la kisheria na la dhamiri. Mikumi imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1964 na Udzungwa tangu 1992, na ndani ya hifadhi haiokotwi hata unyoya mmoja. Unyoya, mfupa, jino au ngozi ya mnyama wa porini ni nyara, na kukutwa nayo bila kibali kunaweza kukufikisha mahakamani. Tumia manyoya ya kuku na ya kanga wanaofugwa. Majani okota yaliyodondoka, na gome usilibandue kutoka kwenye mti uliosimama; kwa kazi ya mwaka mzima unahitaji kiasi kidogo mno, na mashamba na majalala ya kijijini yanatosha.

Na soko? Hili ndilo pingamizi ninalolisikia zaidi, nalo lina njaa ndani yake, kwa hiyo silijibu kwa wepesi. Inasemwa mgeni anataka tembo na machweo, na asiyechora hivyo atalala na picha zake. Lakini tembo huyo na machweo hayo yanauzwa Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar, tena na watu wenye mkono mwepesi na bei ndogo kuliko yako. Kijana wa Malolo hawezi kushinda huko. Anachoweza kuuza yeye peke yake ni picha ambayo wekundu wake ni udongo wa bonde hili na zambarau yake ni ganda la kitunguu cha hapa. Karibu kilomita 50 za barabara kuu zinapita ndani ya hifadhi ya Mikumi, mabasi na magari ya watalii yanapumzika Mikumi mjini, na tangu Julai 2024 treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma inapita Kilosa. Msafiri huyo anatafuta kitu cha kukumbukia mahali hapa, kinachoingia kwenye begi. Kwa hiyo tengeneza na picha ndogo, za ukubwa wa daftari, zilizopakwa vanishi ya maji. Nyuma ya kila moja andika kwa mkono vifaa ulivyotumia na vilikotoka, mwezi na mwaka, na onyo la kutoitundika juani. Panga bei kwa saa zako za kazi, usipange kwa bei ya gundi, na ukiulizwa kwa nini ni ghali, mgeuzie picha asome nyuma.